Jembe Lililofichwa Tutani

Vijana, juzi mlileta jembe jipya kutoka dukani kule Chanji, likanuka rangi, nikamkumbuka baba, nikatoka nje nikakaa.

Baba yangu alikuwa mhunzi wa majembe, nami nilimvukutia mivukuto ya kuchochea moto. Majembe ya Ulaya yalipojaa madukani, watu wakaacha kuja kwetu. Mwisho hata mama akanunua moja, akalificha ndani ya tuta, chini ya majani. Baba akalikuta alipokuwa akilima.

"Mama watoto, hili umenificha mimi, au umewaficha majirani?"

Baba akaenda kukaa kwenye kibanda chake cha uhunzi, moto umezimika. Nilitaka kumpelekea ugali wa ulezi, mama akasema, "Mwache, hasira zitaisha."

Asubuhi baba alikuwa ameshaondoka kwenda kukata mkonge pwani. Hakurudi.

Hapa kwangu nimeagiza: mtu akinuna apelekewe chakula, na mmoja wenu akae naye mpaka amalize kula.