Hoteli ya Pointi

Mimi ndiye naongoza maombi ya akina mama kanisani kwetu Wembley, na kamari naikemea kwa jina. Lakini kwenye simu nacheza kasino ya bure. Sitoi hata senti! Basi pointi za mchezo zikanipa zawadi ya hoteli ya ufukweni, siku mbili, watu wawili. Kwa kimbelembele changu nikatangaza kwamba Mungu amenibariki.

"Tutaenda wote!" akasema mke wa mchungaji.

Nikamwandikisha kama Mama Neema, maana jina lake halisi sijawahi kulijua. Ndipo nikaona hoteli yenyewe ina kasino chini ya vyumba. Wiki nzima sikutulia. Jumapili, nikikanda mandazi jikoni mwa kanisa, nikapiga simu kufuta safari. Mikono imejaa unga, nikaweka spika.

"Jina lako la mchezo?" akauliza dada wa huduma.

Nikanong'ona. Hakusikia. Nikanong'ona tena.

"Sikusikii, mama."

"Mama Jakpoti!" nikafoka.

"Asante, Mama Jakpoti. Nimfute na mgeni wako, Mama Neema?"

"Mama Neema ni mimi," ikasema sauti mlangoni. "Mama Jakpoti ndiye nani?"