Skrubu Ghali, Tovuti ya Bei Poa

Kaka yangu hutengeneza miguu ya bandia, na mtaa mzima humwita Bei Poa. Jina hilo amelitolea jasho. Sabuni, viatu, laini ya simu, vyote kwake ni ofa. Kampuni moja ya simu ikishusha bei leo, kesho kaka ana namba mpya, na sisi ndugu zake tunajua pale tunapomkosa hewani.

Kwenye mguu ni mtu mwingine kabisa. Skrubu huagiza zile ghali, huzigeuzageuza dirishani, na yenye kasoro hata kidogo huitupa. "Mguu ukilegea, mtu anaanguka," husema.

Mimi ndiye ninayepokea wateja na kutunza tovuti yetu. Kwa kuwa namba zake hazikai, kadi tunazowapa wateja zina anwani ya tovuti tu. Namba ya wakati huo wataikuta humo. Na tovuti yenyewe Bei Poa aliipangia nafasi kwa kampuni rahisi kuliko zote, wanaorundika tovuti za watu kwenye kompyuta moja mpaka zinakosa pumzi. Jirani mmoja akitembelewa na wengi, sote tunazimika. Ukiwaandikia, mashine inakujibu kwamba malalamiko yamepokelewa. Nimeyasoma majibu hayo hadi nikatamani kutukanwa na binadamu.

"Kaka, haifunguki tena," nilimwambia mwezi uliopita.

"Mbona kwangu inafunguka?" Akaninyooshea simu yake.

"Hiyo ni ya zamani, simu yako imeihifadhi. Wenzako hawaoni kitu. Kuna kampuni nyingine, ghali kidogo, ukipiga simu anapokea mtu."

"Wewe nawe unapenda gharama, mdogo wangu."

Nilimwambia rahisi ghali. Akacheka, akarudi kwenye plasta ya mguu aliokuwa akiuunda, na mimi nikabaki nimefura kwa hasira.

Juzi akaja mwalimu mstaafu, mteja wetu wa miaka mingi anayeishi mbali. Binti yake alikuwa amemshika mkono. Mdomo wa mwalimu ulikuwa umeshonwa nyuzi, na mguu tuliomtengenezea umezungushiwa kamba ya manila.

"Shikamoo, mwalimu. Kulikoni tena?" kaka akauliza.

"Marahaba. Ulianza kulegea. Nikatafuta namba yako kwa ile kadi, nikakuta ukurasa mweupe. Kesho yake, mweupe. Nikasema basi, fundi wangu amefunga kazi, au amekufa, Mungu amrehemu. Nikajifungia kamba. Ngazi za nyumbani ndizo zilizonimaliza."

Kaka alipiga magoti, akaifungua kamba. Skrubu ilikuwa nzima, inang'aa kama siku aliyoitia. Ilitaka kukazwa tu. Aliikaza, kazi ya dakika moja, kisha akabaki pale chini ameshika bisibisi.

Nilikuwa na maneno ya mwezi mzima ya kumwambia. Nikaokota ile kamba, nikaikunja.

"Mdogo wangu," akasema bila kuniangalia, "ile kampuni uliyosema ukipiga simu anapokea mtu. Wapigie."