Siku Gari la Shangazi Lilipopiga Magoti

Muosha magari mmoja wa Utemini, hapa Singida mjini, aliwahi kuniambia, na mimi nikaamini kwa moyo wangu wote, kwamba magari ya kifahari yana masikio. Kale katundu kadogo kalikokaa darini juu ya kioo cha kati, alisema, ndilo sikio lenyewe. Kila neno linalosemwa ndani ya gari linasafiri mpaka kiwandani Ulaya. Huko kuna ukumbi mkubwa kuliko uwanja wa mpira, umejaa wazungu waliovaa vipokea sauti, kila mmoja na gari lake la kusikiliza. Ukilisema gari vibaya, wanaandika. Ukilisifu, wanaandika. Siku ukiwapelekea tatizo, wanafungua faili lako kwanza waone ulikuwa mtu wa namna gani.

Nilimuuliza swali moja tu, tena la kisomi: "Na Kinyaturu wanakielewa?"

Akanijibu bila kupepesa jicho kwamba wameajiri mtu kutoka Ikungi.

Msinicheke. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na watoto wawili. Cheti changu nilikitundika sebuleni mahali ambapo hata mgeni aliyekuja kuomba kiberiti angekiona. Mtu mwenye cheti hadanganywi kirahisi. Nilipima maneno ya yule muosha magari kwa akili zangu zote za jioni, nikaona yamekamilika.

Nami nilikuwa na sababu ya kupima, kwa kuwa nilikuwa dereva wa gari la namna hiyo. Mwenye gari alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwenye kinu cha kukamua mafuta ya alizeti pale Mandewa. Alikamua alizeti miaka mingi huku akipanda bodaboda na kukaa upande, kanga imefungwa kiunoni. Kisha siku moja akaenda Dar es Salaam, akarudi na gari jipya kutoka kwa wakala. Mtaa mzima ulitoka nje. Viti vyake vilikuwa vinakukanda mgongo mpaka unasahau jina la mwenyekiti wako wa mtaa. Mlango ukiufunga haupigi kelele, unanong'ona. Na halikuwa na springi kama magari ya watu wengine. Lilikaa juu ya mifuko ya hewa, ukilizima linashuka kidogo taratibu, kama binti aliyelelewa vizuri anapotoa shikamoo.

Shangazi aliponipa funguo aliniita "baba". Nimerithi jina la baba yake, kwa hiyo akifurahi huniita hivyo. Akikasirika huniita "dereva". Katika ukoo wetu hakuna kipimo cha hali ya hewa kilicho sahihi kuliko hicho.

Nilimweleza habari ya sikio siku ileile niliyoisikia. Akakaangalia kale katundu kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kanisani, "Asanteni sana kwa gari. Mungu awabariki." Tangu hapo ndani ya gari tulizungumza kama watu walioalikwa ikulu.

Sasa, mbuzi.

Bibi, mama yake shangazi, anaishi Iramba, kijijini, mbele ya Kiomboi. Nilitumwa kumpelekea sukari na dawa za macho. Kwetu huondoki kwa bibi mikono mitupu, na zawadi ya bibi haikataliwi. Ukiikataa ni kama umemwambia afe. Mara nyingi ni kuku. Siku hiyo, kwa sababu nilikuja na gari kubwa, bibi aliona kuku angekuwa dharau. Akatoa beberu.

"Bibi, zawadi yako nimeipokea," nilimwambia, "lakini hili gari haliruhusiwi kubeba mifugo."

"Nani hajaruhusu?"

"Wenyewe. Wazungu."

"Wamekuja hapa?"

"Hapana, bibi."

"Basi fungua mlango wa nyuma."

Nilitandika turubai, juu yake gunia, juu yake mkeka. Yule beberu alilala kwenye buti kama waziri, lakini alilia kutoka Kiomboi mpaka Singida mjini bila kupumzika hata kumeza mate. Kila alipolia niliinua uso kwa lile sikio na kusema, "Samahanini, ni mgonjwa." Mjini nilimshusha, nikaosha buti mara tatu, nikamwambia shangazi kwamba mbuzi ametumwa kwa basi. Tulimla Jumapili. Shangazi alikula paja zima.

Waranti ya gari ilikwisha miezi miwili baadaye, siku ya Ijumaa. Wiki tatu baada ya Ijumaa hiyo niliamka, nikaenda kuliosha gari kama kawaida, nikalikuta limepiga magoti. Sitanii. Upande wa mbele ulikuwa umelala chini kabisa, pua imegusa vumbi, nyuma imenyanyuka, kama ngamia anayengoja kupandwa. Tena chini yake kulikuwa na kuku wa shangazi aliyeatamia mayai, amebanwa humo ndani anapiga makelele ya kuamsha wilaya. Kazi ya kwanza niliyofanya kwenye gari la kifahari lililoharibika ilikuwa kutafuta jeki ili nimtoe kuku.

Shangazi alitoka na mswaki mdomoni. Akatembea kulizunguka gari mara mbili. Hakusema kitu mpaka tulipofika nyuma ya kinu, mbali na lile sikio.

"Umelifanya nini?"

"Sijalifanya kitu, shangazi."

"Gari zima haliwezi kuamka asubuhi likaamua kusujudu. Umelifanya nini, dereva?"

Mliona alivyoniita.

Fundi wetu wa mtaani alikuja, akalala chini, akatoka na jibu lake la siku zote: tuzitoe hizo hewa, tufunge springi za lori. Shangazi alimpa chai, akamrudisha kwake. Gari lile alitaka lirudi kama lilivyokuja, na waliolitengeneza ndio walitengeneze. Lakini waranti imekwisha, tutaanzia wapi? Hapo ndipo elimu ya watu wazima ilipoitwa mbele.

"Wewe si una cheti," alisema shangazi. "Andika barua."

Kama hujakulia kwetu nikueleze kidogo. Ukienda kwa mtu mkubwa kuomba jambo ambalo muda wake umepita, huanzi na haki yako. Unaanzia na kosa lako. Hata kama huna, unalitafuta. Unasema, "Wazee, sisi ndio tuliokosa," unainamisha kichwa, na wao, wakishaona umeinama, wanakuinua na kukupa ulichofuata. Ndivyo baba alivyompata mama baada ya kuchelewesha mahari msimu mzima. Shangazi hakujua njia nyingine, wala mimi.

Basi niliandika barua ambayo mwalimu wangu wa Kiswahili angelia kwa furaha. Anwani mbili, kichwa cha habari kimepigwa mstari, aya sita. Aya ya kwanza tuliomba radhi kwa gari kuharibika. Ya pili tuliomba radhi kwa waranti kuisha. Ya tatu tuliomba radhi kwa barabara za mkoa. Shangazi alikaa pembeni akitikisa kichwa, "Ongeza unyenyekevu hapo." Kisha akaenda kuangalia kinu, nikabaki peke yangu na aya ya nne.

Nilifikiri sana. Wazungu walishamsikia mbuzi. Yumo kwenye faili. Nikinyamaza, wataniona mwongo, na gari la shangazi litabaki limepiga magoti milele kwa ajili ya uongo wangu. Nikaandika: "Aidha, nakiri kwamba dereva alimbeba beberu mmoja kutoka Iramba, kama mlivyosikia wenyewe." Nikaipiga picha, nikaituma kwa wakala kwa simu.

Jibu lilikuja siku ya nne, na lilikuja kwa shangazi. Alinisomea kwa sauti, amesimama. Muda wa waranti ulikuwa umekwisha. Tena mteja mwenyewe alikuwa amekiri matumizi yasiyofaa, yakiwemo usafirishaji wa mifugo. Kwa hiyo ombi halikukubaliwa.

Akakunja simu ndani ya kanga. "Beberu gani?"

"Yule wa Jumapili, shangazi."

"Aliyekuja kwa basi?"

Kinu kilikuwa kinanguruma lakini nilisikia hata alizeti zikidondoka.

"Gari la jasho langu," alisema, "umeligeuza zizi. Umeliharibu, umenidanganya, halafu umewaandikia wazungu kabla ya kuniambia mimi. Funguo."

Nikampa. Mambo ya kuchekesha yaliniisha pale. Kazi ile ndiyo ilikuwa inalipa ada za watoto wangu, lakini lililonichoma zaidi ni kwamba niliamini anasema kweli. Nililiharibu mimi. Kwa siku kadhaa nilipita mbali na ile nyumba ili nisilione gari limeinama.

Kilichoniokoa ni mstari wa mwisho wa lile jibu, ambao shangazi aliusoma tena alipopoa. Mafundi wa wakala wangekuwa Dodoma wiki inayofuata, kwa ukaguzi wa bure wa magari yao. Akaniita. "Utaniendesha mpaka Dodoma, tukawaangukie uso kwa uso. Tukirudi utaniachia gari, utafute kazi nyingine."

Tuliondoka alfajiri, maana asubuhi pakiwa na baridi, gari likiwashwa, ile mifuko ilikuwa inajitahidi kuinuka. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na debe la asali ya Itigi na majogoo wawili waliofungwa miguu, kwa ajili ya wakubwa. Shangazi aliwafunga midomo kwa utepe wa kitambaa wasisikike.

Safari ile singeibadilisha kwa safari ya Ulaya. Shangazi alikuwa na hasira za kunisema, lakini hawezi kunisema ndani ya gari. Kwa hiyo kila hasira zilipompanda alisema kwa upole, "Baba, simama kidogo hapo tupunge hewa." Tunashuka, tunatembea hatua ishirini porini, ananishushia maneno mpaka ndege wanaruka. Akimaliza anajifunga kanga vizuri, tunarudi, anaketi na kusema, "Gari zuri sana hili. Wametengeneza kwa akili." Tulisimama Ikungi. Tulisimama Manyoni mara mbili. Pale Manyoni, tulipokuwa porini ananiuliza nilipata wapi ujasiri wa kumpa mbuzi mkeka, gari lilishuka lenyewe taratibu mbele ya macho yetu, mpaka chini. Shangazi akasema polepole, "Limesikia." Tukangoja saa nzima lipoe, tukalisifu, likainuka.

Dodoma tulipokelewa na fundi mkuu, dada mmoja mwenye ovaroli la bluu na kompyuta ndogo mkononi. Umri wake ungeweza kuwa wa mtoto wa shangazi. Hata hivyo shangazi aliinama, akaweka asali chini, akaweka majogoo juu ya asali.

"Mwanangu, sisi ndio tuliokosa."

"Mmekosa nini, mama?"

"Mwambie," shangazi akanigeukia.

Nikamweleza yote. Beberu, turubai, gunia, mkeka, kulia kutoka Kiomboi. Nikamwambia kosa ni langu peke yangu, mama huyu hakujua, kama kuna adhabu nipewe mimi, lakini gari lake wamtengenezee. Yule dada alinisikiliza huku amechomeka waya chini ya usukani, macho kwenye kompyuta.

"Huyo mbuzi alikuwa na kilo ngapi?"

"Mkubwa. Kama mia mbili."

"Kaka."

"Kama arobaini."

Akasoma namba ya chesisi, akapiga simu mahali, akarudi akiwa ameshashika karatasi ya kusaini. Akamwambia shangazi aache gari kwa siku mbili. Watabadilisha pampu ya hewa na vali zake, na hatatoa kitu. Shangazi akauliza kama ni kwa sababu tumeomba radhi vizuri. Yule dada akasema hapana, barua ile ndiyo iliyowachanganya ofisini. Waliosoma walidhani tunakiri, wakalifunga ombi bila kuangalia zaidi. Pampu za toleo hili zote zilikuwa na kasoro, na kampuni inazibadilisha bure, waranti iwepo au isiwepo.

Shangazi alikaa juu ya debe la asali. Akafungua pindo la kanga, akatoa funguo alizonichukua tena tulipofika, akaziangalia, kisha akaniangalia. "Baba," aliniita, "shika hizi umpe dada."

Nilizishika. Nilitaka kunyamaza, lakini mtu mwenye cheti huuliza. Nikamsogelea yule dada, nikaligeuzia gari mgongo, nikamnong'oneza: sasa wale wa Ulaya waliomsikia mbuzi, watamfutaje kwenye faili?

Hakucheka.

"Kaka, hicho ni kipaza sauti cha simu tu. Usipopiga simu, hakuna anayekusikia. Pampu ilitoka kiwandani ikiwa mbovu. Hukuiharibu wewe, wala mbuzi."