Mpishi na Muhogo wa Chukuchuku

Nilipoolewa Dunda, mjini pwani, nilitoka kijijini kwetu Fukayosi na furushi la viazi vitamu ambalo mama alilifunga mwenyewe kwenye kanga kuukuu. Aliniambia, kwa Kikwere chake cha kuburuza maneno, kwamba mume akifunguliwa kinywa na mkono wa mkewe, nyumba nayo imefunguka. Basi fungate ilipokwisha, alfajiri ya kwanza ya kuachiwa jiko langu, niliamka nikaviosha vile viazi, nikavibandika na maganda yake, nikavifunika kwa jani la mgomba. Vilipoiva nikaviweka kwenye sinia pamoja na vipande vya nazi.

Mume wangu alitoka chumbani, akatazama sinia, akanitazama mimi.

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, bwana. Ni staftahi yako."

Alicheka, si kwa ubaya. "Bibie, mimi ni mpishi," akasema, akavaa kofia yake akaenda kazini.

Nikabaki na sinia langu. Nilijua kwamba ni mpishi. Wazazi wangu walinioza kwake kwa kuwa alikuwa mpishi wa Mzungu, yule aliyesimamia mashamba ya chumvi upande wa kaskazini wa mji. Lakini sikuelewa kwa nini mpishi hali kiazi. Kwetu, mtu aliyejua kupika ndiye aliyejua pia kula.

Nilikuja kuelewa nusu tu. Kwa Mzungu, asubuhi ilikuwa na mikate iliyookwa, mayai ya kukaanga, figo za mbuzi kwenye siagi, uji wa shayiri uliokorogwa maziwa, na vitu vya unga na sukari ambavyo majina yake mume wangu aliyatamka kama mtu anayesoma dua. Nyama ya nguruwe hakuigusa, na Mzungu wake alilikubali hilo tangu siku ya kwanza. Masalio aliyaleta nyumbani kwenye kitambaa: ncha za mikate, kipande cha keki kilichovunjika, jamu iliyoganda kwenye kikombe. Hiyo ndiyo ikawa staftahi yetu ya kesho yake. Jirani zangu walinionea wivu. Mimi tumbo lilijaa upepo, na ikifika saa nne nilikuwa na njaa kama sikula. Akishatoka, nilikuwa nabandika muhogo wangu kimyakimya, nauchemsha chukuchuku, maji na chumvi basi, naula nimesimama nyuma ya mlango. Najiuliza hadi leo nilikuwa namficha nani.

Tuliishi hivyo kama mwaka mzima. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita ya pili, sukari na unga wa ngano vimeanza kuonekana tena madukani.

Siku moja mume wangu alirudi kabla ya adhuhuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa barazani na aproni yake bado kiunoni.

"Bwana amerudi kutoka kwa daktari Dar es Salaam," akasema. "Tumbo lake lile linalomsumbua. Daktari amemkataza chakula changu."

"Chakula chako chote?"

"Chote. Unga mweupe hapana, sukari hapana, cha kukaanga hapana. Amesema ale chakula kisichoguswa."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Kisichoguswa na nani?"

"Ndivyo nilivyomuuliza. Akasema, kisichoguswaguswa na watu. Kama kinavyotoka ardhini." Alinyoosha mikono yake miwili mbele yangu, mikono safi, iliyokatwa kucha. "Mimi nitampikiaje mtu bila kumgusia chakula chake?"

Mimi nikawaza uchawi. Nilidhani Mzungu anahofu kwamba mtu amemtilia kitu, na sasa anamwogopa mume wangu. Nilimletea maji ya kunywa, naye akayashika bila kuyanywa.

Kesho yake alimpelekea shayiri kavu kwenye maji baridi. Ilirudi. Siku ya pili alimpelekea kabichi mbichi imekatwa vizuri kama ua, na karoti mbichi pembeni. Mzungu alijaribu, kisha akalala kitandani kutwa nzima ameshika tumbo. Siku ya tatu alipeleka yai bichi kwenye gilasi, na Mzungu akamwambia kwa Kiswahili chake cha kukatika kwamba kama hawezi, ataandika barua Dar es Salaam atafutiwe mtu anayeweza.

Siku hiyo mume wangu alirudi tena mapema, na mimi sikumsikia. Alinikuta nyuma ya mlango na kipande cha muhogo mkononi, kingine mdomoni, nazi kwenye kiganja. Nilitaka kufa kwa aibu. Yeye hakukasirika. Alikuja karibu akakitazama kile kipande kama mtu aliyeonyeshwa fedha ya nchi nyingine.

"Hiki umekifanyaje?"

"Nimemenya, nimeosha, nimetia maji na chumvi, nimefunika."

"Halafu?"

"Halafu nimengoja."

"Halafu ukatia nini?"

"Sikutia kitu. Ulipopasuka nikaepua."

Aliniangalia kwa mashaka. Alidhani kuna kitu ninamficha. Nikamwapia. Akaniuliza mara ya pili na ya tatu, na kila mara jibu lilikuwa lilelile, na kila mara alionekana kuchanganyikiwa zaidi. Mtu aliyejua kupima unga kwa jicho na kujua joto la oveni kwa kuweka kiganja mlangoni alikuwa hajui kwamba muhogo huiva wenyewe.

Alfajiri iliyofuata nilichemsha vipande vitano, akavibeba kwenye kikapu kilichofunikwa, pamoja na papai nililolichuma uani na ndimu moja. Kutwa nzima nilitembea ndani ya nyumba bila kujua nafanya nini. Niliosha sufuria iliyokwishaoshwa. Alasiri alirudi na kikapu kitupu.

"Amekula," akasema. "Amekula vyote. Anataka tena kesho."

Nikapiga kigelegele. Yeye akaingia chumbani akafunga mlango.

Kuanzia hapo kila alfajiri nilikuwa napika na yeye anabeba. Leo boga la kuchemsha, kesho magimbi, keshokutwa viazi na maganda yake, au ndizi mbivu na bakuli la kunde zilizolazwa majini kisha zikachemshwa kwa chumvi. Uji niliupika wa mtama niliousaga mwenyewe bila kuuchekecha, na asali iliyotoka kwetu badala ya sukari. Kwa saa nne nilimfungia karanga za kuchoma, au njugu mawe, au mume wangu alimfungulia dafu kisha akamkwangulia nyama yake laini. Mzungu akaanza kutembea tena hadi kwenye mashamba ya chumvi. Watu wa kule walisema rangi imemrudi usoni.

Nilitazamia mume wangu afurahi. Kazi ilikuwa imebaki, mshahara ulikuwa uleule. Badala yake alikonda. Alikuwa anakwenda kazini anakaa kwenye jiko lile kubwa, lenye vikaango vilivyotundikwa ukutani kwa ukubwa wake, hana la kufanya. Alisugua vikaango. Alipanga upya visu. Siku moja hakuweza kuvumilia: alichukua boga langu akaliponda kwa siagi na sukari, akatia mayai, akalioka mpaka likavimba na kuwa la dhahabu. Mzungu alilila kwa kuwa lilimpendeza macho, na usiku ule tumbo likamrudia.

Mume wangu alipokuja nyumbani kesho yake tuligombana kwa mara ya kwanza.

"Umeniharibia kazi yangu," aliniambia.

"Mimi? Mimi ndiye niliyekuponya!"

"Kama mtu anakula muhogo na papai, mpishi ni wa nini? Hebu niambie. Mpishi ni wa nini?"

Nilikuwa na hasira, na palepale nilimwonea huruma, na juu ya hayo nilijisikia fahari ambayo sikuijua niiweke wapi. Kumbe kile nilichokuwa nakila nimejificha kilikuwa kikiliwa mezani kwa kisu na uma. Na kumbe kinampa mume wangu fedheha.

Haikupita muda Mzungu akaniita. Alikuwa amegundua, sijui nani alimwambia. Nilijifunga kanga safi, nikavaa buibui langu, nikamfuata mume wangu nyuma mpaka kwenye ile nyumba. Mzungu alikuwa mzee kuliko nilivyofikiri, mrefu, shingo nyekundu, ameketi kwenye kiti cha kamba.

"Shikamoo, bwana mkubwa," nikasema.

"Marahaba," akajibu, vizuri kabisa. Kisha akaniuliza kama ni mimi ninayechemsha. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kwetu ni wapi, na mama yangu hula nini asubuhi, nami nikamtajia: kiporo cha muhogo na uji wa mtama, mvua zikija, mahindi mabichi. Alisikiliza kama ninamweleza habari kubwa. Halafu akamgeukia mume wangu.

"Mke wako ni mpishi sana," akasema.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amesimama wima na kitambaa mkononi, uso hauna kitu, kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Sijui maneno yalitoka wapi, maana mimi mbele ya watu wakubwa huwa sisemi.

"Hapana, bwana mkubwa," nikasema. "Huyu ndiye mpishi. Mimi nachemsha tu."

Mzungu akacheka, akadhani ninafanya adabu. Mume wangu hakucheka. Wala hakunishukuru, si siku ile wala baadaye, na sikujua kama maneno yangu yalimsaidia au yalimzamisha zaidi.

Mwaka uliofuata Mzungu alimaliza muda wake akarudi kwao. Siku ya kuondoka alimpa mume wangu mkono, na kumpa barua. Kwa mpishi, barua kama ile ilikuwa ndiyo mali. Bila barua hakuna Mzungu anayekufungulia jiko lake. Iliandikwa Kiingereza, hivyo tulimwendea karani mmoja jirani yetu atusomee. Aliisoma kwanza moyoni, akakunja uso, kisha akatufasiria polepole. Barua ilisema kwamba mume wangu ni mwaminifu, ni msafi, na kwamba hakuna mtu pwani nzima anayejua kumwandalia mgonjwa asubuhi kama yeye: mihogo, maboga, uji wa nafaka nzima, matunda. Ilisema alimwokoa maisha yake.

"Na mikate?" mume wangu akauliza.

Karani akatazama tena. "Mikate haikutajwa."

"Kuku wa kuoka? Keki ya Krismasi?"

"Hapana, bwana. Ni hayo tu."

Tulirudi nyumbani. Alikunja ile barua akaiweka kwenye sanduku chini ya nguo. Miezi mitatu alikwenda Dar es Salaam na kurudi, akibisha milango ya majiko bila barua, akiwaambia watu kwa mdomo anachoweza, na hakuna aliyemsadiki. Mimi nilichemsha mihogo nikawauzia wapita njia asubuhi, tukala kwa hiyo. Hakuniambia niache.

Safari ya nne aliichukua barua. Hakuniaga kwamba anaichukua. Niliona tu nguo zimepekuliwa. Alikaa siku nne. Aliporudi aliketi jikoni kwangu, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mahali ambapo hakuwahi kuketi.

"Nimepata kazi hospitalini," akasema. "Jiko la wagonjwa. Bibi Mzungu mmoja ameisoma ile barua, akaniuliza kama yote haya nayaweza. Nimesema nayaweza."

"Alhamdulillahi."

"Sijui hata moja," akasema. "Naanza Jumatatu."

Tulikuwa na siku tano. Nilimpeleka shambani kwa jamaa zangu nikamwonyesha shina la muhogo mtamu na la ule mchungu, na namna ya kuonja ncha mbichi kwa ulimi na kutema ukiwa na shaka. Nikamfundisha kugonga boga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Nikamfundisha kungoja, na hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Kila dakika mbili alikuwa anafunua sufuria.

"Acha," nikamwambia.

"Sijui kinafanya nini humo ndani."

"Hata mimi sijui. Acha tu."

Alikwenda Jumatatu, na baada ya miezi sita nikamfuata. Alifanya kazi katika jiko lile miaka mingi, wagonjwa wakampenda, na mabibi wa hospitali wakamletea wapishi wengine awafunze. Siku moja, uzeeni, tulikuwa tunachambua kunde uani, nikamuuliza lile lililonikaa moyoni miaka yote.

"Asubuhi ile ya kikapu. Nilikusaidia, au nilikuharibia?"

Akatoa kijiwe, akakitupa.

"Sijui," akasema. "Wallahi, mke wangu, hata mimi sijui."

Tukaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.