Kumbikumbi Walivyovamia Nyota Yetu

Leo nusura klabu yangu ya anga ifutwe na kumbikumbi. 😂

Sikilizeni.
Nafundisha fizikia hapa Makanyagio. Jioni hii mkuu wa shule alikuja kuamua kama klabu iendelee au chumba chetu kigeuzwe stoo.

Nikawasha taa, hiyo ndiyo nyota.
Mpira wa tenisi kwenye uzi, hiyo sayari kubwa.
Simu inapima mwanga. Sayari ikipita mbele ya nyota, mwanga unapungua na mstari kwenye simu unashuka. Sayari nyingi za mbali zinagunduliwa hivyo hivyo, kwa kivuli tu.

Sasa si mvua ilikuwa imetoka kunyesha?
Kumbikumbi wakaivamia taa. Mstari ukatetemeka kama mtu mwenye malaria. Sayari huioni!

Mkuu kanuna. Mimi jasho.
Mara akasimama. Nikajua kwisha habari yangu.

"Mwalimu, kitoweo hiki kinapotea bure. Leteni beseni la maji."

Jamani!
Beseni likawekwa chini ya taa, wanafunzi wakaacha sayansi wakaanza kuokota. Mkuu mwenyewe kakunja mikono ya shati. (Nyie mliokulia huku, mngeweza kujizuia?)

Walipoisha, mstari ukatulia tuli. Nikapitisha mpira.
Mstari ukashuka, ukapanda. Bonde safi kabisa! Darasa zima likapiga kelele, mimi nikashusha pumzi.

Mkuu akaangalia simu, akaangalia beseni.
"Klabu iendelee. Ila hizo sayari muwe mnazitafuta kila mvua ikikatika."

Beseni kaondoka nalo yeye.