Ndama Alinyonya Kuliko Mwanangu

Siku niliyochoka, mkuu wa maktaba alisimama katikati ya chumba cha kusomea, akashika kiuno, akawatangazia wanafunzi kwamba majarida ya mtandaoni yamefungwa kwa sababu yangu.

"Nyie mnaulizana mtandao una nini. Mtandao hauna kitu. Wenye majarida wameandika barua pepe, wanasema humu ndani kuna roboti linafungua makala zilezile kila siku. Roboti lenyewe ni dada yenu wa kaunta. Alikuwa anachezea kompyuta."

Nilikuwa nimekaa palepale kaunta. Blauzi yangu ya kazi ilikuwa imelowa upande wa kushoto, maana saa ya mtoto ilishapita na maziwa hayajui kusubiri hotuba. Getini mama mkwe alikuwa amembeba mwanangu wa miezi minne. Nilikuwa namsikia akilia, au nilidhani namsikia. Kwa anayenyonyesha ni mamoja.

Kisha mkuu akanigeukia. "Na kuanzia leo hakuna kutoka mchana. Utakaa hapo mpaka wafungue."

Kuitwa roboti ningemeza. Nimemeza mengi pale. Ila hilo la kutotoka mchana lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki mgebuka. Niliinuka, sikuaga. Nikaenda getini, nikampokea mtoto, nikarudi naye ndani mbele ya wote mpaka ofisini kwa mkuu. Nikakaa kwenye kiti chake kile cha kuzunguka, nikafungua vifungo, nikamnyonyesha.

Kijana mmoja wa mwaka wa pili akachungulia mlangoni. "Anti, kumbe roboti lina maziwa."

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, ila kicheko changu hakikuwa kizuri.

Sasa nieleze nilifikaje kwenye kile kiti.

Chuo chetu hapa Mpanda ni tawi. Majarida ya kitaalamu hayapo kwenye shelfu, yapo mtandaoni. Makao makuu wanayalipia kila mwaka, na yanafunguka kwa kompyuta za maktaba peke yake. Ukitoka nje ya geti, huyaoni. Kabla ya kulipia tena wanaangalia ripoti ya matumizi, tawi gani limefungua makala nyingi. Tawi lisilosoma linakatwa. Na letu lilikuwa halisomi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafundisha wanafunzi namna ya kutafuta. Wanatumiana notsi kwenye simu, basi. Yule kijana aliyenitania anatoka Sitalike. Tembo walikuwa wanamaliza mahindi ya baba yake, akasikia kuna utafiti wa kuzungushia shamba mizinga ya nyuki ili wasiingie. Alikuja kuuliza anaupataje. Mkuu akamwambia mafunzo yatatangazwa. Mpaka leo hayajatangazwa.

Mimi nilikuwa mhudumu tu, elimu yangu ni ya sekondari, mkataba wa mwaka. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nilikuwa na barua inayonipa muda wa kunyonyesha, na sehemu kubwa ilikuwa mchana. Mama mkwe alitoka Karema kuja kunilelea. Kila siku saa sita mchana anakuja na mtoto mgongoni mpaka getini, anakaa kwenye benchi la mlinzi, natoka, nanyonyesha, narudi. Hatukumsumbua mtu.

Wiki ya pili mkuu akaniita.

"Mchana wanafunzi wanakwenda kula, mtandao unakuwa mwepesi. Tumia nafasi hiyo. Fungua makala, pakua, funga, fungua nyingine. Ripoti itanyooka."

"Mkuu, mchana ni saa ya mtoto. Barua unayo."

"Si yuko na bibi yake? Ampe uji."

"Ana miezi mitatu."

"Sisi tulipewa ugali tukiwa hatujajua kukaa. Si unaniona nilivyo?"

Nilimwona. Hilo ndilo lililonitisha.

Kisha akaongeza, taratibu, huku anafuta miwani yake: "Mkataba wako ukiisha, unajua anayependekeza ni nani."

Nikakaa. Yeye akaenda kula wali.

Ukiwa na njaa ya kuondoka, unachagua makala nyepesi, inayofunguka haraka. Ya kwanza iliyofunguka haraka ilikuwa ya ng'ombe wa maziwa. Kiingereza changu cha fomu foo kilitosha kuelewa: ndama anatakiwa anyonye mapema, akicheleweshwa anadhoofika, na mama yake asiponyonywa maziwa yanapungua. Nikaipakua. Nikaifunga. Nikaifungua tena. Zilikuwepo nyingine, za nyuki, za udongo, za tumbaku, lakini zile nzito zinazunguka tu, na mimi kila dakika naitazama saa ya ukutani. Kwa hiyo nilirudi kwa ndama wangu. Kesho yake tena ndama. Kama nina kosa ni hilo, na hata hilo kanilazimisha yeye.

Nilipomaliza kubonyeza, mara nyingi wanafunzi walishaanza kurudi na kaunta inanidai. Mama mkwe anaambiwa na mlinzi arudi jioni. Siku moja nilimkuta bado yuko kwenye benchi, mtoto amelia mpaka amelala, jasho limemkauka usoni.

"Mwanangu," akaniambia, "unafanya kazi gani humo ndani isiyokuachia hata nusu saa?"

"Nafungua makala, mama."

"Anasoma nani?"

"Hakuna."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Inatakiwa ionekane zimefunguliwa."

Akamweka mtoto vizuri. "Kwetu Karema sijaona mtu anatupa wavu, anahesabu samaki, anawarudisha ziwani wote, halafu anafika nyumbani anasema amevua. Huyo bosi wako ni wa wapi?"

Nilicheka siku hiyo. Kliniki sikucheka. Nesi alimweka mtoto kwenye mzani, akaangalia kadi, akaangalia kifua changu. "Mama, huyu unamnyonyesha kweli?" Mbele ya wamama wenzangu, na watoto wao wana mashavu. Nilitaka kumjibu kwamba nanyonyesha ndama. Titi la kulia lilishaanza kukauka. Wiki hiyohiyo ripoti ya maktaba ilipanda, mkuu akapongezwa kikaoni, akaleta keki. Mstari wa ripoti ulipanda, mstari wa kadi ya mwanangu ukalala. Keki sikuila.

Halafu kampuni ya majarida ikafunga tawi zima. Mwenye akili anajua mtu hasomi makala moja ya ndama kila mchana. Na mkuu, badala ya kusema aliagiza nini, akasimama katikati ya chumba akashika kiuno.

Basi nikiwa kwenye kiti chake, aliingia. "Toka kwenye kiti changu."

"Akimaliza."

"Nitakuandikia barua."

"Andika. Na mimi naandika." Nikamhamishia mtoto titi la kulia, taratibu, maana lile ndilo lilikuwa linahitaji kunyonywa.

Nilipotoka pale niliandika barua, nikaipeleka kwa afisa utumishi. Akanipa kiti, akanipa maji, akanipa na ushauri. "Dada, haya tuyamalize kifamilia."

"Familia yangu iko getini na kitenge cha mgongoni."

"Sawa. Ila barua ya malalamiko inapitia kwa mkuu wako wa kitengo, ndiyo utaratibu."

"Yaani nimpelekee yeye barua ya kumshtaki yeye, aniambie kama ameipenda?"

Akachukua muhuri, akaigonga kuwa imepokelewa. Barua yenyewe ni hii.

YAH: MALALAMIKO YA KUNYIMWA MUDA WA KUNYONYESHA

Mimi ni mhudumu wa maktaba. Mkuu wa maktaba aliniagiza nitumie saa yangu ya kunyonyesha kufungua makala za mtandaoni ambazo hakuna anayezisoma, ili ripoti ya matumizi ionekane nzuri. Nilimweleza kuhusu mtoto, akanitajia mkataba. Mwanangu amepungua uzito, nakala ya kadi ya kliniki nimeambatisha. Majarida yalipofungwa alisema mbele ya wanafunzi kwamba nilikuwa nachezea kompyuta, na akanizuia kutoka mchana.

Naomba awaambie wanafunzi hao, akiwa amesimama palepale, aliyeagiza ni nani. Majarida yakifunguliwa, wafundishwe kuyatumia. Wapo wanaoyahitaji, na wanajua kusoma.

Muda wangu siuombi, ulishaandikwa. Kesho saa sita mchana nitakuwa getini na mwanangu. Atakayenihitaji saa hiyo anifuate huko, kwenye benchi la mlinzi.