Mashine Ilikuwa Kindu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya barabara mjini Kasongo, mkuu wa chumba cha michoro alinipa kalamu ya wino, karatasi ya kalka na onyo moja: ukikosea, kwaruza kwa wembe, ukitoboa, anza upya. Kalka ni karatasi inayopitisha mwanga, ili mchoro unakiliwe juu ya mwingine. Kwa kalka nilichora mifereji yote inayopita chini ya barabara ya Lusangi.

Nikiwa karibu kustaafu, mkurugenzi alitangaza kwamba michoro ya mkono haitapokelewa tena. Kazi ya kuchora daraja jipya la njia ya Wamaza angepewa mwenye cheti cha kuchora kwa kompyuta. Mto wa pale nilikuwa nimeupima mwenyewe, maji yakinifika kifuani. Nikajiandikisha chuoni, nikakaa benchi moja na vijana walioniita Papa Promosheni, yaani baba wa darasa.

Kompyuta zetu zilikuwa dhaifu. Ukifungua programu ile nzito, skrini inaganda. Asistenti, mwalimu wetu, akatufundisha biro ya mbali, yaani kutumia kompyuta iliyo mji mwingine kupitia mtandao. Mashine yenye nguvu iko Kindu na ndiyo inayochora. Ya kwako inapeleka amri za kidole tu, inarudishiwa picha. Tatizo ni kuchelewa. Vijana hawakungoja, walibonyeza tena na tena, na Kindu ikatii kila amri, nguzo moja ikawa nne mahali pamoja.

“Kule mtoni Nyangwe,” asistenti akawaambia, “ukiita mutumbwi mara ine, itakuja mitumbwi ine. Utapanda zote?”

Siku ya mtihani nilichora daraja la Wamaza, nikaiamuru programu ipige hesabu ya uzito, yaani ionyeshe kama mbao zitabeba lori. Hesabu ikiwa katikati, mtandao ukakatika. Jirani yangu Amisi akaninong'oneza nianze upya, muda unakwisha. Nikaondoa mikono mezani.

Rais wa juri, mkuu wa wasimamizi wa mtihani, akanisogelea. “Papa, umeacha?”

“Hapana, chef. Mashine iko natumika kazi kule Kindu. Ni sisi ndio tumetoka inje.”

“Na kama nayo iko nalala?”

“Basi daraja watapewa wengine.”

Akavuta kiti, akakaa kungoja nami. Mtandao uliporudi, niliingia, nikakuta hesabu imekwisha. Nguzo za kati zilikuwa nyekundu: zingevunjika. Kama ningeanza upya, nisingepata muda wa kulijua hilo, sembuse kulirekebisha. Nikaongeza unene wa nguzo, nikabonyeza mara moja, nikangoja. Rangi ya kijani ilifika huku rais wa juri akitazama saa yake.

Nilipata cheti, daraja likajengwa kwa mchoro ule, na sasa nimestaafu. Vijana huja kuniuliza wanunue kompyuta gani. Nawajibu kwamba kwanza wajue kazi inafanyika wapi, na imefikia wapi, kabla ya kuigusa tena. Nikienda Wamaza, mwenye pikipiki anayenibeba hapunguzi mwendo juu ya daraja lile, wala mimi simwombi apunguze.